Ghorofa ya thomu Jambiani: majani tele, vichwa hakuna

Mama alipoiona mara ya kwanza alisimama pale mlangoni, kanga kichwani, akatazama juu, akatazama chini, kisha akaniuliza taratibu, "Mwanangu, yani thomu imejengewa ghorofa, na chumba changu mie kinavuja?"

Sikuwa na jawabu. Chumba chake nlikiezua mwezi ule ule nkakipiga bati upya, mana mama akishasema jambo kwa upole namna ile ujue limo rohoni, lakini na ghorofa ya thomu (kitunguu saumu, matuta yaliyopangwa ngazi ngazi ndani ya grinhausi) nayo nkaendelea, na leo ntaielezea yote toka mwanzo kwa sababu kila wiki napigiwa simu na mtu anataka kujenga kama yangu. Simwambii asijenge. Namwambia asijenge kwa ajili ya vichwa vya thomu, basi.

Kwanza mjue tunapoishi. Ni Jambiani, Unguja, lakini sio ile ya mchanga mweupe mnayoiona kwenye picha, sisi tuko nyuma, ng'ambo ya barabara, kwenye maweni. Ukipiga jembe linalia, ni jiwe. Udongo upo kwenye mashimo baina ya mawe, hapa konzi mbili, pale karai moja, ndio mana wazee wetu walikuwa wanapanda muhogo na mapapai kwa kufuata mashimo sio kwa kufuata mistari. Kwahiyo mtu wa huku akitaka tuta lililonyooka hana budi aliinue mwenyewe na alijaze udongo wa kubeba, na ukishaanza kulipia udongo kwa gari kila karai unaliona lina bei usoni, hapo ndipo akili inakuja, kwa nini nisipange tuta juu ya tuta?

Akili yenyewe haikuja peke yake, nisijisifu. Mie kazi yangu fundi umeme, nafunga mataa na pampu kwenye mahoteli ya huku, siku hiyo nimekaa nyuma ya jiko la hoteli moja nasubiri kulipwa nkaona vidio ya watu wa nje, wana grinhausi, ndani matuta yamepangwa kama makabati ya duka, kila ngazi majani ya kijani yamesimama kama nywele za mtoto, na chini imeandikwa kitunguu saumu. Ramadhani imekaribia, kilo ya thomu dukani kwetu imeshafika 14,000, na humo jikoni namsikia shefu anagomba na muuzaji kuhusu bei hiyo hiyo. Nkapiga hesabu pale pale nyuma ya risiti ya waya. Wallahi hesabu ilitoka nzuri sana. Hesabu za nyuma ya risiti zote hutoka nzuri.

Skiza ilivyokuwa. Grinhausi mita 4 kwa 8, nguzo za mivinje, juu plastiki, ubavuni neti ya kuzuia wadudu. Ndani pande mbili makabati ya ngazi 3, kila ngazi mita 6, upana sentimita 60, kina 25. Thomu inapandwa punje kwa punje, sentimita 10 baina yake, kwahiyo mita moja ya tuta inameza punje 60, ngazi moja 360, ngazi 3 ni 1,080, pande mbili 2,160. Kwenye eneo la banda la kuku! Punje moja ikitoa kichwa kimoja, vichwa elfu mbili na ushei, nani asiyetaka?

Nlichosahau kuhesabu ni uzito. Mita moja ya tuta la namna ile inachukua lita 150 za udongo, na udongo ukisharoa lita moja inapita kilo moja na nusu, yani kila mita ya ubao imebeba kilo 220 na zaidi, sawa na watu wazima watatu wamekaa bega kwa bega. Ngazi nzima ya mita 6 ni watu 18. Nani anawaweka watu 18 juu ya ubao wa inchi moja uliopigiliwa misumari ya nne? Mie. Saa 8 za usiku tukasikia ta! halafu kimya, halafu ta! nyengine, mke wangu akaniamsha akidhani mwizi, nkatoka na tochi nkakuta ngazi ya juu imekaa juu ya ngazi ya kati na zote mbili zimemkalia masikini wa chini.

Haya, nkajenga upya kwa boriti nene, nkapunguza kina mpaka sentimita 20 mana mizizi ya thomu haiendi mbali hivo, na nkatafuta kitu cha kuupa udongo wepesi. Hapo ndipo nkamkumbuka shangazi.

Shangazi yangu ni katika wale wa mwisho mwisho wanaopiga makumbi. Kwa wasiojua, maganda ya nazi yanazikwa pwani kwenye mchanga wa maji kupwa maji kujaa, yanakaa huko miezi, yakilainika yanafukuliwa yanapigwa mpaka zinabaki nyuzi, usumba, ndio wa kusukia kamba. Na pale anapopigia panabaki vumbi la kahawia, jepesi, linashika maji kama sponji, na hakuna anayelitaka. Nkamwambia shangazi hilo nachukua lote. Akacheka, akaniambia chukua baba, utanisaidia kufagia. Nkabeba viroba 20, nkachanganya nusu kwa nusu na udongo na samadi ya ng'ombe iliyokaa mwaka, kwa mikono yangu, siku mbili, mgongo ukaniuma wiki.

Thomu ikapandwa mwisho wa masika. Nlinunua kilo 5 sokoni Mwanakwerekwe, nusu ile nyeupe kubwa ya China na nusu ya Mbulu, kule milimani bara, ile ndogo ndogo ina rangi ya zambarau kwenye ganda. Ya China ukiigeuza chini utaona mizizi imekatwa safi, imenyolewa kabisa. Nyengine zikachipua, nyengi zikalala pale zikaoza. Ya Mbulu siku ya tano sita hivi vidole vyote vimetoka nje, nkaita watoto waje waone. Tunapanda ncha juu kitako chini, kina cha kidole kimoja cha mkono, mtoto wangu mmoja alipanda mstari mzima kichwa chini miguu juu na bado zilitoka, zimepinda kama ndoana.

Wiki ya tatu ncha za majani zikaanza kugeuka rangi ya chai. Halafu zikakauka, kama mtu kapita na kibiriti anachoma ncha tu. Nkasema hili jua. Nkaongeza maji. Zikazidi. Nkasema fangasi, nkapiga dawa. Zikazidi. Siku moja nimechuchumaa ngazi ya kati nimeshika konzi ya ule udongo, sijui akili gani ikanituma, nkaweka kidogo ulimini.

Chumvi tupu. Chumvi ya pwani ile ile.

Nkaenda kwa shangazi nkamwambia shangazi vumbi lako lina chumvi. Akanitazama kama anaona mtu ambaye shule imempotezea muda. "Si makumbi yamezikwa pwani? Wewe ulidhani yamezikwa kwenye sukari?"

Na thomu na chumvi haziivani kabisa, jamii yote ya vitunguu ni dhaifu kwa chumvi, ungepanda mnazi pale ungesema asante. Juu ya hilo mie nilikuwa namwagilia maji ya kisima na kisima cha huku kwetu kila mtu anajua chai yake inakuwaje, maji matamu yanaelea juu ya maji ya bahari na ukiyavuta sana yanapanda ya chini. Kwahiyo naongeza chumvi juu ya chumvi asubuhi na jioni kwa bidii zote.

Dawa yake ikawa paa. Plastiki la mita 4 kwa 8 ni mita mraba 32, na mvua ya milimita moja kwenye mita mraba moja ni lita moja ya maji, kwahiyo mvua ya milimita 30, ambayo kwetu ni mvua ya kawaida tu, inakupa lita 900 na kitu za maji matamu hayana chumvi. Nkaweka mfereji wa bomba lililopasuliwa, tangi la lita 2,000, dripu za mipira iliyotupwa na hoteli moja walipobadilisha bustani. Nkausafisha ule udongo, namwaga maji ya mvua mpaka yanatoka chini, nasubiri, namwaga tena. Mara ya nne nkaonja, sikusikia kitu. Mke wangu anasema watu wananiona naonja udongo, watasema nimeingiwa na kitu.

Kumbe katika kumwaga huko nkajifunza jambo jengine la ghorofa, kwamba maji ya juu yanashuka. Ngazi ya juu inakauka mapema inataka maji mara mbili, ya chini inapokea yake na ya wenzake, imeroa saa zote, na imepigwa kivuli. Nkafunga vipima joto vitatu, kimoja kila ngazi (fundi umeme hakosi vitu hivi). Saa 7 mchana, jua kali, ngazi ya juu chini ya plastiki 41, ya kati 36, ya chini 33. Yani ndani ya kibanda kimoja nna tabia za nchi tatu tofauti, na hakuna hata moja inayofaa. Juu majani yana michirizi ya rangi ya fedha, ni vile vidudu vidogo kama vumbi vinanyonya majani, vinapenda joto kavu. Chini madoa ya zambarau, ugonjwa wa ukungu, unapenda unyevu. Ya kati ndio afadhali. Vidudu nlivipiga kwa maji ya majani ya muarobaini na sabuni kidogo, yale madoa nlikata majani nkayatia moto, na nkaacha kumwagia juu ya majani.

Makabati nayo nkayavunja. Mara ya tatu hii, mnahesabu? Tuta juu ya tuta wima ni la watu wenye mataa ya ndani, sisi tunaotegemea jua lazima tupange mfano wa ngazi za kupandia msikiti, kila moja imerudi nyuma ya mwenzake ili zote zipate mwanga. Na elekeza uso wa ngazi kaskazini kama unataka kulimia kipupwe, mana Juni na Julai jua letu linaegemea kaskazini, linapita kule halipiti utosini. Hesabu ya punje 2,160 ikawa imekufa, nkabaki na upande mmoja, punje 1,080. Sikumwambia mama.

Kusi lilivokuja Julai ndilo lililomaliza ubishi. Jambiani na kusi mnajua, wazungu wanakuja na matiara yao ya kuvutwa baharini kwa sababu ya upepo ule ule. Plastiki likajaa kama tanga la ngalawa, likapasuka toka kona hadi kona, saa 10 alfajiri nimelala nasikia linapiga pa pa pa. Nlikasirika siku mbili, ya tatu nkaona joto limeshuka ndani na thomu zimesimama vizuri kuliko zamani. Toka siku hiyo juu ni neti ya kivuli tu, plastiki nimebakisha kipande cha kukinga mvua kubwa na kuingiza maji tangini.

Sasa tuje kwenye mavuno, mana ndio mnayosubiri.

Mwezi wa tano toka kupanda majani yalikuwa yamefika magotini, mazito, yanang'aa, harufu ukipita unaisikia mpaka barabarani. Jirani zangu wote walikuja kupiga picha. Vitabuni wanasema ngoja majani ya chini yakauke thuluthi hivi, acha maji wiki mbili tatu, ndio ung'oe. Yangu hayakukauka. Yanaota tu. Nkaacha maji, yakanyong'onyea, nkayaonea huruma nkarudisha maji. Mwisho nkasema leo naita watu wangu, mama akaja, shangazi akaja, nkashika shina moja zuri la ngazi ya kati nkalivuta.

Likatoka shina. Nene kama kidole gumba, jeupe, limenyooka, mizizi inaning'inia kama ndevu. Kichwa hakuna. Nkang'oa jengine, hakuna. La ngazi ya juu, la ngazi ya chini, hakuna. Nimeng'oa 30 pale, hakuna hata kimoja kilichovimba kama kifundo cha kanga. Shangazi akaziba mdomo. Mama akachukua shina moja akalinusa, akasema, "Harufu yake thomu. Kwengine kote kitunguu cha majani."

Bibi shamba mmoja ndiye aliyenifumbua macho, dada mmoja mpole sana, alikuja na buti zake, akazunguka ngazi zote, akanisifia udongo, akanisifia dripu, nkajua hapa inakuja ya kuumiza. Akaniambia, "Kaka yangu, umefanya kila kitu isipokuwa baridi. Thomu lazima ilale baridi kwanza, wiki nyingi, ndio iamke na kichwa. Isipolala inabaki mtoto, inaota majani tu."

Akanieleza vizuri. Punje inahitaji kukaa kwenye baridi, chini ya nyuzi 10 hivi, wiki kadhaa, ama shambani ama stoo, baridi ile ndio inaiambia kwamba majira yamepita. Halafu mchana ukirefuka na joto likipanda ndipo inaacha majani inaanza kujaza kichwa. Yote mawili. Kule China, ambako karibu robo tatu ya thomu yote ya dunia inatoka, wanapanda kabla ya baridi, inalala ardhini kipindi cha baridi chote, ikiamka mchana unazidi kurefuka kila siku. Mbulu na Lushoto hawana hayo ya mchana mrefu lakini wana mlima, usiku kule unajifunika blanketi mbili, na mbegu zao zimeshazoea hali ya huko miaka na miaka. Unguja kilima chetu kirefu ni Masingini na hakifiki hata mita 150.

Na la mchana kurefuka mie fundi umeme sikuwahi hata kulifikiria, lakini wewe mwenyewe pima kwa adhana. Magharibi kwetu inaondoka kidogo inarudi kidogo, mwaka mzima haichezi hata saa nzima, hujawahi kuona mtu Zanzibar kafuturu saa 3 za usiku. Ndugu zetu walioko Uingereza Ramadhani ikiwaangukia Juni wanafuturu saa hiyo na zaidi. Thomu nayo inasoma saa ile ile. Yangu imekaa pale ngazi ya pili inasubiri magharibi ichelewe, haichelewi, bas inaendelea kuota majani.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mie nkaenda kwa mke wangu nkamuomba droo ya mboga ya friji.

Punje 300 za Mbulu, kilo moja na robo, kwenye mfuko wa khaki sio wa plastiki mana kwenye plastiki zinatoa jasho zinaota ukungu, wiki 7. Wiki ya pili maziwa ya watoto yananuka thomu. Wiki ya tatu maembe yananuka thomu. Wiki ya tano umeme ulipotea usiku mzima na siku yake, nkakimbia na barafu ya mvuvi kwenye ndoo kama nabeba dawa za chanjo. Katikati ya Juni nkazipanda, na pembeni yake punje 100 ambazo hazikuonja friji, nipate kulinganisha.

Zile 100 mpaka leo hazijatoa kichwa hata kimoja. Za friji, 40 zilioza, 110 zilitoa kichwa cha duara kimoja kisichogawika punje, kama gololi kubwa, 30 hivi ziligawika punje tatu nne, zilobaki majani. Nkazianika kivulini, nkazipima. Robo tatu ya kilo. Nlipanda kilo na robo nkavuna robo tatu, na friji la watu nimeliharibia jina. Mama alizipenda vile viduara, anasema humenyi mara kumi, unamenya mara moja unaponda. Nkafikiria na kufunga mataa ya kurefusha mchana, waya nnazo, taa nnazo, nkapiga hesabu ya tokeni za masaa matatu kila jioni miezi mitatu (safari hii sio nyuma ya risiti, kwenye daftari) nkafunga daftari.

Ilipogeukia ni jikoni kule kule kulikoanzia. Yale mashina 30 nliyoyang'oa mbele ya mama sikuyatupa, nliyapeleka kwa yule shefu kama mzaha, nkamwambia thomu yangu hiyo, imesahau kichwa. Akakata jani akatafuna. Akakata jengine. Jioni ile akalitia kwenye pweza wa nazi mwishoni kabisa, sufuria limeshateremshwa, mana majani yakichemka sana harufu inakimbia, na kesho yake akanipigia yeye, sio mie. Anataka mafungu 20 kila Jumatatu na Alhamisi, 1,500 fungu.

Hapo ghorofa ikaanza kulipa. Ukilima thomu ya majani huhitaji nafasi ya kichwa kujaa, unapanda sentimita 5 kwa 5, mita moja inaingia punje 240 badala ya 60. Huhitaji baridi, huhitaji mchana mrefu, huhitaji miezi mitano. Wiki ya sita au ya saba unakata, unaacha vidole viwili juu ya udongo, wiki tatu nyengine yameota unakata tena, mkato wa tatu jani limekuwa jembamba, punje imeshachoka, unang'oa unapanda nyengine. Na mbegu yake ndio ile thomu iliyochipua ambayo muuzaji anataka kuitupa, yule ami wa Mwanakwerekwe nnayenunua kwake ananiwekea kando kwenye boksi, ananiuzia kwa bei ya kuona haya. Hajui nafanyia nini. Safari ya mwisho aliniuliza kama nafuga bata.

Kwenye zile ngazi, thomu ya majani inakaa ya kati tu. Ya chini kwenye kivuli na unyevu nimetia tangawizi, hiyo haina ubishi na kivuli, na ya juu pilipili. Kuna mtu atauliza kuhusu mwani, ndio, mwani unaotupwa na bahari nautia kwenye mboji, lakini naosha maji matatu kwanza, na naonja.

Nlichobakiwa nacho sasa ni panya. Wameshajua njia ya neti upande wa kusini, thomu hawali ila tangawizi wanaifukua usiku, nimetia waya wa kuku wa matundu madogo, tutaona. Mama naye keshazoea, asubuhi namsikia uani anamtuma mjukuu, "Nenda ghorofa ya pili kaniletee konzi ya majani, na usimwambie babako." Lakini pilau hapiki na majani. Pilau ni la vichwa, ndivyo asemavyo, kwahiyo Jumamosi nikienda mjini bado ananipa orodha na juu kabisa imeandikwa thomu kilo 2, ya Mbulu, usilete ya China, na mie nikifika nyumbani nazimwaga kwenye ungo, nzima nampa yeye, zilizochipua nazitoa pembeni.